Mizani minane ya Mchungaji Mote

Ukienda msibani Tunduma, Vwawa au Mlowo, hutakaa sana kabla mtu hajaanzisha "Cha Kutumaini Sina". Mmoraviani ataupokea, Mbaptisti ataupokea, na kitabu cha Tenzi za Rohoni hakitafunguliwa. Wimbo wa Mwingereza umekaaje vinywani mwetu hivi? Jibu liko kwenye ufundi wa mfasiri, na ufundi huo unastahili kutazamwa kwa karibu.

Mtunzi ni Edward Mote, aliyezaliwa London mwaka 1797, mtoto wa wenye baa, akajifunza useremala wa samani. Mwaka 1834, akiwa njiani kwenda kazini, kiitikio kilimjia, beti zikafuata. Uchungaji wa kanisa la Kibaptisti kule Horsham aliupata mwaka 1852, miaka 18 baadaye, na alifariki mwaka 1874. Kwa hiyo wimbo huu ulitoka karakanani, si mimbarani. Tuni tunayoimba ni ya Mmarekani William Bradbury, ya mwaka 1863.

Mote aliandika mistari ya silabi nane nane. Sasa hesabu: cha-ku-tu-ma-i-ni-si-na. Nane. Mstari unaofuata nao ni nane, na unaishia kwa -na ile ile. Hiki ndicho kipande cha shairi letu la mizani 16: ukwapi nane, utao nane. Mfasiri hakulazimika kupunguza wala kurefusha kipimo. Mistari miwili ya Mote ikawa mshororo mmoja ambao hata malenga wa Lamu angeutambua, vina vikiwa mahali pake.

Tatizo liko kwenye mkazo. Kiingereza cha Mote kinapiga silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, na tuni ilitengenezwa kufuata hivyo. Kiswahili huweka mkazo silabi moja kabla ya mwisho: kutumaIni, SIna. Uzito wa tuni basi unaangukia ku, ma, ni, na: kila mahali ambapo mdomo wa Mswahili haungeukubali. Mfasiri alichagua mizani na vina, akaachia mkazo uende. Naona alichagua vyema. Kina kilichokosewa husikika daima, ilhali mkazo waimbaji wanaweza kuurekebisha wenyewe.

Nao wanaurekebisha. Bila kinanda, waumini huvuta mwendo mpaka silabi zote zinakaribia kulingana uzito, kisha hurefusha ile ya kabla ya mwisho. Miaka ya 1930 mmisionari wa Kimoraviani Franz Ferdinand Rietzsch, aliyefanya kazi Tanganyika, aliona tuni za Ulaya za karne ya 19 haziwafai waimbaji wa Kiafrika, akapendelea za zamani zaidi. Alikuwa na sikio zuri, ila hapa waimbaji wameigeuza tuni yenyewe.

Kilichopotea ni mchanga. Kiitikio cha Mote kinalinganisha mwamba na mchanga unaodidimia. Maneno yetu ni marefu, na ndani ya mizani minane viwili hivyo havikuenea. Mwamba ukabaki, mchanga ukaachwa, na mstari wa mwamba ukarudiwa. Hapo nasikitika kidogo, maana tishio ndilo linaloupa mwamba thamani. Lakini katika ubeti wa pili mawimbi na nanga vimebaki, na tishio lililoachwa kwenye kiitikio likarudi kwa njia ya maji. Mwalimu wa kwaya asiukimbize ubeti huo.