Dakika Kumi kwa Nyani Mmoja

Simama asubuhi katika soko la nyama la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, ukiwa na daftari, uandike kila kinachokuvuta macho. Utaandika ugomvi wa bei, shoka likipasua mifupa, mikokoteni ikigombania njia. Anayesafisha matumbo kimya nyuma ya kibanda hatakuwamo. Jioni daftari lako litasema kazi ya Burma ni kelele.

Watafiti wa wanyama walifanya hivyo kwa miaka mingi. Aliyeweka utaratibu ni Jeanne Altmann, Mmarekani ambaye tangu 1971 amewachunguza nyani wa Amboseli, chini ya Kilimanjaro. Makala yake ya 1974 ilieleza kanuni inayoonekana rahisi mno: mnyama wa kutazamwa achaguliwe kabla, si kwa vituko vyake. Nyani wanapangwa kwenye orodha kwa kura. Zamu ya jike fulani ikifika, anatazamwa yeye tu kwa dakika 10, na kila dakika inaandikwa kama anakula, anatembea au amepumzika. Akisinzia, andika amesinzia. Vita vikizuka pembeni, haviondoi jicho kwake.

Kwa swali la jinsi mtoto anavyoshikamana na mama, kanuni hiyo ilileta mageuzi makubwa. Mwaka 1958, kule Wisconsin, mwanasaikolojia Harry Harlow alikuwa ametangaza matokeo ya watoto wa tumbili aliowatenga na mama zao na kuwapa sanamu mbili, moja ya waya na nyingine iliyovikwa kitambaa. Hata maziwa yalipotoka kwenye waya, watoto walikumbatia kitambaa. Jibu lilikuwa wazi, ingawa kwa maoni yangu lilinunuliwa kwa ukatili. Tena sanamu haisikii njaa, wala haina majike wakubwa wa kuiogopa.

Mama wa Amboseli anayo yote hayo. Kitabu cha Altmann cha 1980 kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mchana wake inaishia kutafuta chakula, mtoto akining'inia tumboni. Mama wa daraja la chini mara nyingi humbana mwanawe na kukataa asiende mbali, kwa kuwa jike wa daraja la juu anaweza kumvuta mtoto huyo na mama asithubutu kumnyang'anya. Wa daraja la juu humwachia wake azurure. Kwa hiyo kubana au kuachia si tabia ya mama peke yake. Hadhi yake kundini imo ndani. Tofauti hiyo imejengwa na dakika nyingi tulivu, zile ambazo mtazamaji wa vituko angeziruka. (Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa na subira ya aina hiyo kwa binadamu: mwaka 1954 na 1955, karibu na Kampala, alitembelea familia 26 majumbani mwao, kila baada ya wiki mbili hivi.)

Udhaifu upo. Dakika 10 hazinasi kifo, na kifo cha mama ndicho jambo zito kuliko yote. Ndiyo maana mradi wa Amboseli una daftari la pili: nani kazaliwa, nani hayupo leo. Linategemea watu wanaomjua kila nyani kwa sura. Wakenya Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere wameifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na bila wao hesabu za maabara zisingekuwa na cha kuhesabu.

Mwaka 2016, kumbukumbu hizo za majike 196 zilionyesha kwamba waliopata mikosi mitatu au zaidi utotoni, kufiwa na mama kukiwa mmojawapo, walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko waliopata mmoja tu au wasiopata wowote. Mwaka 2019 yakaongezwa matokeo ya pili: jike aliyefiwa na mama akiwa mdogo, watoto wake hufa zaidi wakiwa wadogo, hata yeye mwenyewe akiwa hai.