Mnazi wa Kwetu, Mnazi wa Kuja

Waitaliano wana ubishi wao wa siku nyingi kuhusu zabibu. Kule Toscana, Sangiovese ni ya nyumbani na Cabernet Sauvignon ni mgeni kutoka Ufaransa, na tangu mvinyo wa Sassicaia wa mavuno ya 1968 uingie sokoni, ubishi haujaisha: shamba lipewe nani? Pwani yetu ya kuanzia Bunju hadi Bagamoyo haina mizabibu ya kujivunia. Unyevu wa huku ni karamu ya ukungu, na zabibu zetu ziko Dodoma kwenye ukavu. Kinywaji cha huku, tembo, kinagemwa mnazini, na mnazi nao ulishapitia ubishi huohuo wa mbegu ya kwetu na mbegu ya kuja.

Mwaka 1979 ulianzishwa mpango wa taifa wa kuendeleza zao la minazi, makao yake Mikocheni, Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani na Benki ya Dunia. Hesabu ya wataalamu ilikuwa rahisi. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki humweka mkulima miaka sita, saba, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuangua nazi ya kwanza. Chotara wa PB121, aliyepatikana Port-Bouët nchini Côte d'Ivoire kwa kuchanganya mnazi mfupi wa njano wa Malaya na mnazi mrefu wa Afrika Magharibi, huanza kuzaa mnamo mwaka wa nne, tena huzaa sana. Kwenye karatasi, nani angemkataa?

Kumpata chotara huyo ni kazi ya mkono. Mnazi mfupi hujichavusha wenyewe, kwa hiyo karara likipasuka tu, mfanyakazi hupanda na kukata vijiti vyote vyenye maua dume, akaacha vile vifundo vya maua jike. Chavua ya mnazi mrefu hukaushwa, ikachanganywa na poda, kisha ikapulizwa juu ya maua jike yakiwa tayari. Na mtu akizembea, kitalu kinamuumbua: mche wa mbegu iliyojichavusha huota na chipukizi la njano kama mama yake, wakati chotara wa kweli huja na ukijani au ukahawia. Miche ya njano hung'olewa. Napenda sana ukaguzi huu, kwa sababu hauhitaji maabara, jicho linatosha.

Majaribio yalipandwa vituo kadhaa, kimojawapo Chambezi, wilayani Bagamoyo. Hapo ndipo mgeni alipokutana na ugonjwa wa kunyong'onyea. Taarifa za minazi kufa kwa namna hiyo pwani hii ni za tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Vidaka huanguka, makarara huwa meusi, makuti hugeuka manjano kuanzia chini, mwisho kilele chote hudondoka na shina kubaki limesimama kama nguzo ya simu. Kisababishi ni fitoplasma, kijidudu kinachoishi ndani ya mirija inayosafirisha utomvu wa sukari, na mkulima hana dawa ya kupulizia.

Wataalamu walikuwa na sababu ya kutumaini. Jamaika ilikuwa na ugonjwa unaofanana na huu, na mnazi mfupi wa Malaya ulisimama imara kule. Hugh Harries, aliyekuwa amefanya kazi ya uzalishaji wa mbegu huko Jamaika, alikuja kufanya kazi Tanzania pia. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992, yeye akiwa mmoja wa waandishi, yalisema wazi kwamba mbegu zilizoletwa kutoka nje zina ukinzani mdogo. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba fitoplasma ya Tanzania si ile ya Karibi. Kinga iliyopimwa kwa adui mmoja ililetwa kupambana na adui mwingine. Juu ya hayo kulikuwa na suala la maji: chotara hutaka mvua nyingi iliyosambaa mwaka mzima, na Bagamoyo hupata kama milimita 1,000, zikigawanywa kati ya masika na vuli, katikati jua tupu.

Je, mnazi mrefu wa kwetu ulishinda? Hapana, nao ulikufa kwa wingi. Na huo "ukwetu" wenyewe una mashaka, maana utafiti wa vinasaba wa mwaka 2011 uliuhusisha mnazi wa pwani hii na ukoo wa Bahari ya Hindi: nao ulikuja na bahari, ila ulitangulia. Nguvu yake ipo kwingine. Sangiovese huzalishwa kwa kijiti, na mzabibu mpya ni uleule wa zamani. Mnazi haukatwi kijiti. Mnazi mrefu maua yake dume huisha kabla ya jike kuwa tayari, kwa hiyo huchukua chavua ya jirani, na kila nazi huota mti wa peke yake. Shamba la minazi mirefu ni umati wa ndugu wasiofanana. Ugonjwa ukipita, wapo wanaobaki wamesimama. Shamba la mbegu moja halina akiba hiyo.

Kwa hiyo mkulima wa Zinga au Kerege, wilayani Bagamoyo, anayechagua mbegu leo ana sababu ya kupita kwenye shamba lililoathirika, akatafuta mti mzee unaozaa katikati ya vigogo vitupu, akatunza nazi zake. Akitaka madafu ya biashara, mnazi mfupi wa kitamli unatosha. Nazi za chotara asizirudishe kitaluni, maana watoto wake hutawanyika tabia.

Kikwazo ni mgema. Yeye hulifunga karara kamba kabla halijafunguka, akalikata ncha kwa kotama asubuhi na jioni, na tembo huanza kuchachuka humohumo kibuyuni: jipya ni tamu, likilala ni kali, likikaa zaidi ni siki. Karara lililogemwa halitoi nazi hata moja. Mti mrefu wenye nguvu, ule ambao ugonjwa umeshindwa kuuangusha, ndio huohuo anaoutaka yeye, naye hulipa papo hapo, wakati nazi ya mbegu humdai mwenye shamba miaka saba.