Ukimya, Bei na Jalada: Santuri za Crass kama Matini, 1978–1984

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa Kiswahili, wimbo umezoeleka kuchambuliwa kwa jozi ya fani na maudhui, au kutazamwa kama tukio la kiutendaji. Mulokozi (1989), akijadili tanzu za fasihi simulizi, aliupa mtazamo huu wa pili msingi imara kwa kuonyesha kwamba fasihi simulizi hutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Nguzo hizo zinatosha pale fanani na hadhira wanapokutana ana kwa ana. Wimbo unapofyatuliwa katika santuri, kati yao huingia kiwanda, bei na jalada. Makala haya yanachunguza santuri za Crass, kundi la panki la Uingereza, na yanadai kwamba vitu hivyo vitatu si vyombo vya kuufikisha wimbo tu, bali ni sehemu ya matini yenyewe. Anayesoma maneno ya nyimbo hizo peke yake hukuta mahubiri makali yasiyoacha mengi ya kufasiri. Anayesoma santuri nzima hukuta kazi pana zaidi, pamoja na udhaifu wake.

Crass liliundwa mwaka 1977 na Penny Rimbaud, mpiga ngoma, na Steve Ignorant, mwimbaji, katika Dial House, nyumba ya shamba karibu na Epping, Essex. Rimbaud na mchoraji Gee Vaucher walikuwa wameanza kuishi humo kijumuiya tangu 1967. Msimamo wa kundi ulikuwa wa kianakia: kukana mamlaka ya dola, kupinga vita, kushambulia dini rasmi na kutetea ukombozi wa wanawake.

2. Ukimya wenye jina

Santuri ya kwanza, The Feeding of the 5000 (1978), ilitolewa na Small Wonder, kampuni ndogo iliyotokana na duka la santuri la Walthamstow, London. Ilikusudiwa kufunguliwa na “Asylum”, shairi linalomshambulia Yesu na mafundisho ya kanisa. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja nchini Ireland walikataa kulifyatua kwa kuliona ni kufuru. Kundi liliondoa shairi, likaacha kimya mahali pake, na kukipa kimya hicho jina: “The Sound of Free Speech”, yaani sauti ya uhuru wa kusema.

Bila jina, kimya hicho kingekuwa kasoro ya mitambo. Kwa jina hilo, kimekuwa kinaya kilichokamilika: msikilizaji anaahidiwa sauti, anapewa pengo, na pengo hilo linamweleza zaidi kuhusu udhibiti kuliko ambavyo shairi lililoondolewa lingeweza. Hata hivyo, kinaya hicho kina upande wa pili ambao jina lenyewe linauficha. Aliyezuia shairi hapa si serikali wala mahakama. Ni wafanyakazi waliokataa kazi iliyokwenda kinyume na dhamiri zao, jambo ambalo falsafa ya kianakia ingepaswa kuliheshimu. Uhuru wa kusema wa mmoja umegongana na uhuru wa kukataa wa mwingine. Nyimbo za kundi hazielekei kuukubali utata wa namna hii, kwani ndani yake mkandamizaji hujulikana mapema. Ukimya umebeba utata ambao maneno hayakuubeba.

3. Namba, bei na jalada

Jibu la kundi lilikuwa kuanzisha kampuni yake, Crass Records, ili uamuzi wa nini kitolewe ubaki mikononi mwake. Hapa ndipo desturi ya panki ya kujifanyia mwenyewe inapogeuka kuwa mbinu ya kisanaa. Toleo lililofuata, “Reality Asylum” (1979), lilirudisha maudhui ya shairi lililozuiwa, na Stations of the Crass ya mwaka huohuo ikapewa namba ya orodha 521984. Kwa Kiingereza tarakimu 2 hutamkwa sawa na neno linalomaanisha “hadi”. Namba hiyo husomeka “miaka 5 hadi 1984”, mwaka uliokuwa jina la riwaya ya George Orwell kuhusu dola dhalimu. “Bloody Revolutions” ya 1980 ilibeba namba 421984. Hata kipengele cha kibiashara kilichozoeleka kuwa bubu kilifanywa kihesabu siku.

Bei nayo ilisema. Jalada la Stations of the Crass (1979), lenye santuri mbili, lilimwagiza mnunuzi asilipe zaidi ya pauni 3. Kipragmatiki, agizo hilo linamwelekea mnunuzi lakini linambana muuzaji. Mnunuzi anapewa hoja ya kutumia dukani. Siasa ya kupinga ulanguzi haikuimbwa tu, ilitendwa wakati wa kununua. Majalada yaliyokunjuliwa yakawa mabango yenye picha za Vaucher, pamoja na maneno ya nyimbo yaliyochapwa kwa ukamilifu. Uchapaji huu haukuwa pambo. Ignorant aliimba kwa kasi na ukali kiasi kwamba maneno mengi hayakamatiki kwa sikio, hivyo jicho lilipaswa kukamilisha kazi ya sikio.

4. Fanani, hadhira na mamlaka

Desturi ya kujifanyia mwenyewe iliahidi kufuta mpaka kati ya fanani na hadhira. Kwa kiasi fulani ilitimiza ahadi. Kati ya 1980 na 1984 Crass Records ilitoa mikusanyiko mitatu ya nyimbo zilizotumwa na makundi madogo, nyingi zikiwa zimerekodiwa kwa vifaa duni. Mapato ya “Bloody Revolutions”, iliyotolewa pamoja na kundi la Poison Girls, yalisaidia kuanzisha kituo cha wanaanakia huko Wapping, London. Mwaka 1981 albamu nzima ya Penis Envy iliimbwa na wanawake, Eve Libertine na Joy de Vivre, na sauti ya kiume iliyozoeleka ikaondolewa mbele.

Lakini kundi lilivaa nguo nyeusi ili mtu mmoja asitukuzwe kuliko wengine, na wafuasi wakaigeuza ishara hiyo kuwa sare. Lugha ya nyimbo ilichangia hali hiyo. Nafsi ya pili hutawala, na mara nyingi “wewe” huyo hukaripiwa badala ya kuulizwa. Hadhira iliyoalikwa kutunga ilipewa pia mfano mmoja wa kutunga. Kundi lililokana mamlaka likawa mamlaka ndani ya jumuiya yake, si kwa hila, bali kwa uhakika wa sauti yake.

5. Hitimisho

Crass lilifanya onyesho lake la mwisho mwaka 1984 huko Aberdare, Wales, kuwachangia wachimba makaa waliokuwa katika mgomo, na hesabu iliyoanzishwa na namba za santuri ikafikia mwisho wake. Nguvu ya kazi hii imo zaidi katika kimya, namba na bei kuliko katika maneno. Kwa uhakiki wa Kiswahili, funzo ni la kimbinu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, taarabu nayo iliingia katika mkondo wa viwanda na maduka. Kwa nyimbo za aina hiyo, nguzo sita za Mulokozi zinahitaji ya saba: uzalishaji. Bila hiyo, mhakiki atasikia sauti, lakini hatajua ni nani aliyeiruhusu isikike.