Kazi ya Kuondoa Matangazo

Tovuti nyingi za ajira hapa Tanzania ukiiona moja umeziona zote. Kichwa cha herufi kubwa, tangazo lililonakiliwa neno kwa neno kutoka PDF ya mwajiri, na katikati matangazo ya biashara yanayorukaruka ili mwenye tovuti apate vijisenti vyake kutoka Google. Simlaumu, maana bando halitolewi bure. Lakini kuna fundi mwingine, adimu kidogo: yule anayechagua kada moja au mkoa mmoja, akautunza ubao wake wa matangazo mpaka waajiri wakawa tayari kulipia nafasi humo.

Mfano mmojawapo mkubwa wa kuchagua uwanja mmoja, ingawa wenyewe ni wa bure, unaihusu Kigoma kwa karibu. ReliefWeb, tovuti ya ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya dharura, ilianza mwaka 1996. Mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kupokea Wakongo waliokimbia vita. Hadi leo, mtu wa Kibondo akitaka kujua shirika gani linatafuta mhasibu au afisa wa ulinzi wa mtoto, ukurasa wa kazi wa ReliefWeb ni mahali pa kuanzia. Mwajiri hatozwi kitu pale. Devex, iliyozaliwa Marekani mwaka 2000, iliingia katika uwanja huohuo wa misaada na maendeleo, ikatoza, na wateja ikawapata. Kwa hiyo kuwepo kwa ubao wa bure hakumfungii mlango anayetaka kulipwa. Ni lazima tu awe na kitu ambacho ule wa bure hauna.

Tuseme kijana wa Kalinzi anataka kujaribu. Kalinzi ni nchi ya kahawa ya arabika, kwenye vilima vya kaskazini mwa mji wa Kigoma. Jambo la kwanza atakalolijua fundi wa kweli ni kazi zipi asizitangaze. Kibarua cha kuchuma kahawa hakihitaji tovuti. Habari yake hupita kwa jirani, gulioni na kwenye ibada. Mwenye shamba hatalipa hata shilingi kutangaza kitu ambacho mdomo unakitangaza bure. Atakayelipa ni yule ambaye akikosea kuajiri anaumia: chama cha ushirika kinachotafuta mhasibu, mwenye mtambo anayetafuta fundi wa kukoboa, mnunuzi anayetaka mwonjaji kahawa. Kazi hizo ni chache, ndiyo maana ubao hauwezi kuishi kwa Kalinzi peke yake. Utazihitaji Kasulu, Kibondo, Uvinza, bandari na Ujiji.

Sasa litazame tangazo moja kwa karibu, la dereva wa shirika. Anayenakili tu ataandika mahali: Tanzania. Fundi ataandika Makere, wilayani Kasulu, kwa sababu anajua anayekaa Kigoma mjini atapiga hesabu ya nauli na ya chumba cha kupanga kabla ya kuandika barua. Nyuma ya ukurasa kuna lebo ambazo msomaji hazioni lakini Google inazisoma: cheo, mwajiri, mahali, tarehe ya kutangazwa, siku ya mwisho. Zikijazwa sawasawa, tangazo linaweza kutokea lenyewe mtu anapotafuta kazi kwenye simu yake. Google inataka pia tangazo lililopitwa na wakati liondolewe, na hapa ndipo wengi huchoka. Kuweka matangazo kuna raha yake, kuyaondoa hakuna. Mwombaji aliyetumia bando lake kusoma nafasi iliyofungwa wiki mbili nyuma harudi, na mwajiri halipii ubao usio na wasomaji.

Kuna kichujio kimoja ambacho ningependa kukiona kwenye ubao wa Kigoma: lugha. Kiha na Kirundi zinasikilizana sana, kiasi kwamba Muha wa Kalinzi anaweza kuzungumza na mkimbizi wa Burundi pasipo mkalimani. Kwa shirika linalowahudumia wakimbizi hao, huo ni ujuzi wa kulipiwa mshahara, ingawa hauonekani kwenye cheti chochote. Tovuti iliyotengenezwa Dar es Salaam haitafikiria kuuliza swali hilo.

Fedha nazo zina nidhamu yake. Anayetafuta kazi asitozwe. Ukianza kumtoza pesa ya fomu umeshakaa benchi moja na matapeli. Mwajiri alipe kwa Lipa Namba, tangazo moja bei moja, na akitaka likae juu kwa wiki nzima aongeze. Barua na vyeti vya waombaji viende moja kwa moja kwa mwajiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana anayekusanya taarifa za watu, na kwa ubao mdogo njia rahisi ya kuitii ni kutokusanya usichokihitaji.

Hatari ya uwanja mwembamba ipo. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi yaliyoitegemea yalipunguza watu. Ubao uliotegemea misaada pekee ungepauka. Lakini mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na reli inataka wapima ardhi, mafundi wa kuchomelea, madereva wa mitambo na mama lishe. (Mama lishe hatangaziwi, najua.) Fundi mzuri huanza kuzoeana na wakandarasi wangali wanachora ramani.

Basi wewe uliye Kalinzi na kompyuta yako, usianze na nchi nzima. Anza na wilaya moja, na nafasi iliyofungwa Ijumaa Jumamosi isionekane.