Joto Haina Fasi ya Kujificha



Kwanza tusikilizane: mimi napenda michezo ya vyombo vya anga. Nimepoteza usiku mingi kwenye Elite Dangerous, ule mchezo wa Frontier Developments wa 2014, mpaka mama wa nyumba akaniuliza kama kuna mshahara mwisho wa mwezi. Kwa hiyo sisemi vibaya kitu nisichokijua. Lakini mdogo wetu mmoja, mwalimu wa fizika, aliandika hapa kama mchezo huu una fizika ya kweli na anataka kuupeleka darasani. Hapo njo nakataa. Si yote, nusu.

Tuanze na kujificha. Ndani ya Elite, ukitaka adui asikuone unafunga matundu ya joto. Ngao zinazimika, joto inapanda, na ikipita asilimia 100 vifaa vinaanza kuharibika. Wazo hili ni zuri sana, nawapa heko. Michezo mingine mingi inakupa kifungo tu, bonyeza, umepotea, kama uchawi. Hapa kujificha kunalipwa kwa joto, na ni joto kweli ndiyo inayokusaliti huko juu.

Juu ya nini? Mbabula yetu inapoa kwa sababu hewa inabeba joto. Huko hewa hakuna. Joto inatoka kwa njia moja tu, mionzi, ile infraruji ambayo macho haioni lakini kamera inaona. Uso mweusi wenye joto ya chumba, Kelvin 300, unatoa karibu wati 460 kwa kila mita mraba, bila kupumzika. Na nyuma yake anga iko Kelvin 2.7. Ni mbabula ya makala mekundu katikati ya uwanja, siku umeme umekatika mtaa mzima. Nani hataiona?

Angalieni darubini James Webb, iliyorushwa Desemba 2021. Ili vioo vyake vipoe chini ya Kelvin 50 walihitaji mwamvuli wa matabaka matano, mpana karibu sawa na uwanja wa tenisi. Na haina watu ndani. Tena upande wa mwamvuli unaotazama Jua unabaki moto. Ukijificha kwa huyu, yule wa upande mwingine anakuona.

Sasa kosa lao. Elite inakupa kifaa cha kumeza joto yote kisha kuitupa inje kama kipande cha chuma. Papo hapo chombo kinakuwa baridi, barafu inashika kwenye kioo, wewe unaondoka kimya. Samahani! Kusukuma joto kutoka kitu cha baridi kwenda kitu cha moto kunaomba kazi, na kazi hiyo inazaa joto ingine. Halafu kile kipande ulichotupa ni taa. Kinaonyesha ulikuwa wapi dakika ile, na ukiwasha injini kuondoka, moshi wake wa moto unaonyesha unaenda wapi. Mass Effect ya 2007 ilikuwa na heshima zaidi: chombo Normandy kinaweka joto ndani ya matangi yake kwa saa chache tu, kisha lazima kiitoe, la sivyo watu wataiva humo ndani.

Kwenye lazeri ndiyo hasira yangu. Lazeri za Elite kwa kawaida zinakufa kwenye kilomita 3, na nguvu inapungua mbali kabla ya hapo. Kilomita 3! Tupige hesabu pamoja. Mwanga wenye wimbi la mikromita 1, kioo cha sentimita 10: kwa kilomita 3 doa lake ni kama sentimita 7, mfuniko wa kopo la maziwa. Weka kioo cha mita 1, kwa kilomita 1,000 doa ni mita 2 na nusu hivi. Lazeri haina ukuta wa mwisho, inapanuka tu polepole. Na ile mistari ya rangi inayopita mbele yako? Katika utupu hakuna vumbi la kurudisha mwanga kwenye jicho. Usingeona kitu, wala kusikia.

Najua jibu: kwa kilomita 1,000 chombo cha mita 100 jicho haliwezi kutofautisha umbo lake, mchezaji atapiga nini? Sawa. Walitaka vita ya ndege, na kama mchezaji nawasamehe. Kama mwalimu, hapana.

Tena lazeri na kujificha ni habari moja. Chukua lazeri ya megawati 1 ya mwanga, inayogeuza asilimia 30 ya umeme. Zaidi ya megawati 2 zinabaki kwako kama joto. Kwa Kelvin 300 utahitaji radiatere ya mita mraba karibu 2,500, yenye kutoa joto pande zote mbili. Kwa Kelvin 1,000, kidogo zaidi ya 20 tu, sababu mionzi inapanda kwa kipeo cha nne. Lakini mashini ya lazeri yenyewe haipendi Kelvin 1,000, na radiatere nyekundu inaita macho ya dunia yote.

Children of a Dead Earth ya 2016 iliheshimu jambo hili. Radiatere ni mabawa makubwa, adui anaweza kuyapiga, na kujificha hakuna kabisa. Kusema ukweli, ni mchezo mkavu, unauma kichwa, nilishindwa mara mingi kabla ya kufika hata kwenye vita. Lakini ukishindwa unajua ni sababu gani.

Kwa hiyo mdogo wangu, peleka Elite darasani, wape wanafunzi ule mshale wa joto unaopanda matundu yakifungwa. Kisha waulize kile kipande kilichotupwa kinaonekana kutoka wapi. Lazeri zake, ziache nyumbani.