Uwindaji "Bila Mwongozo": Uhakiki wa Istilahi katika Tafsiri Moja

Miongoni mwa maandishi yaliyotufikia ili tuyatolee maoni umo mwongozo mfupi wa kupanga safari ya kuwinda katika milima ya magharibi ya Marekani, uliofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasemaji wa lugha yetu, wengi wao wenye asili ya Kongo, waliopata makazi katika majimbo kama Idaho, Montana na Colorado. Huko uwindaji si anasa ya matajiri peke yao. Mkazi wa kawaida aliyehitimu mafunzo ya usalama na kukata leseni aweza kuingia katika ardhi ya umma, akaangusha mnyama mmoja wa jamii ya ayala, na kupata nyama ya kumlisha yeye na jamaa yake kwa miezi mingi. Kazi kama hii inastahili kushukuriwa, kwani ni wachache wanaojitolea kufasiri mambo ambayo hayana soko kubwa la vitabu. Hata hivyo, maadamu mwindaji anayekusudiwa hapa hatakuwa na mtu wa kumshika mkono porini, maneno aliyoyasoma ndiyo atakayoyategemea, na yakimpotosha huenda asipate wa kumsahihisha ila askari wa wanyamapori, au baridi ya usiku.

Tuanze na jina la shughuli yenyewe. Mfasiri ameiita "uwindaji bila mwongozo". Kwa kuwa kijitabu chake nacho kinaitwa mwongozo, msomaji anakaribishwa kusoma mwongozo wa kufanya jambo lisilo na mwongozo. Sisi tulicheka, lakini kosa lenyewe si la kuchekesha. Neno "mwongozo" kwetu ni maelekezo au kanuni. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka pia Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Kuwinda bila mwongozo, basi, ni kuwinda ovyo, na kutoka hapo hadi kwenye ujangili si mwendo mrefu. Kinachokosekana katika safari hiyo si kanuni, ambazo ni nyingi mno, bali ni mtu wa kulipwa. "Bila kiongozi" nako hakufai, kwa sababu kiongozi sasa ni mtu wa siasa na utawala. Sisi tungesema "uwindaji wa kujitegemea", na yule mtu wa kulipwa aitwe "mwongoza wawindaji", kwa kufuata mfano wa mwongoza watalii ambaye kila mtu anamjua. Neno "kujitegemea" lina historia yake tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, nalo halitaumia kwa kubebeshwa bunduki na mzigo wa mgongoni.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria, na hapa ndipo tafsiri hii inapotutia wasiwasi mkubwa zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 ilianzisha aina maalumu ya ardhi ya umma, ambayo hairuhusiwi kuwa na barabara, wala kuingiwa na magari, wala kutumiwa misumeno ya injini. Hata baiskeli imekatazwa. Hilo ni eneo lenye mipaka iliyochorwa katika ramani na jina lililotangazwa. Sehemu nyingine za misitu ya taifa huweza kuwa mbali vilevile, na zenye giza na upweke uleule, lakini hazimo katika sheria hiyo. Mfasiri ameziita zote mbili "nyika". Katika Colorado kosa hilo huenda likapita bila madhara makubwa. Katika Wyoming si hivyo. Sheria ya jimbo hilo yamkataza mtu asiye mkazi wake kuwinda wanyama wakubwa ndani ya maeneo hayo yaliyotangazwa, ila awe amefuatana na mwongoza wawindaji mwenye leseni, au na mkazi wa jimbo mwenye kibali cha kumsindikiza. Nje ya mpaka ule, katika msitu wa kawaida wa taifa, mtu huyohuyo aweza kuwinda peke yake. Msomaji wetu akitoka Idaho na kuvuka kuingia Wyoming, huku amesoma kwamba "nyikani mtu aweza kuwinda bila mwongozo", atakuwa amevunja sheria kwa sababu ya neno moja lililofanyishwa kazi mbili.

Isitoshe, "nyika" kwetu ni mbuga kavu yenye vichaka, na milima ya Rocky ni misonobari, mawe na theluji. Tulifikiria kuazima istilahi za idara zetu za wanyamapori, lakini "Pori la Akiba" na "Pori Tengefu" zina maana zake katika sheria za Tanzania, na kuzihamisha kungezaa mchafuko mwingine. Tunapendekeza "Pori Asilia", kwa herufi kubwa, litumike kwa ardhi iliyotangazwa kwa sheria ya 1964, na "pori la ndani", kwa herufi ndogo, litumike kwa mahali popote palipo mbali na barabara. Wako watakaosema kwamba "asilia" limekwisha kutumika katika Hifadhi za Mazingira Asilia, kama ile ya Amani katika Usambara Mashariki. Ni kweli, lakini neno "pori" linatosha kuzitenga, na mawazo ya maneno hayo mawili ni ndugu.

Kuhusu jina la mnyama, tafsiri inamwita "kongoni". Hatuwezi kukubali. Kongoni ni mnyama wetu wa mbuga, mwenye pembe za kudumu, wa jamii moja na nyumbu. Mnyama wa Marekani ni wa jamii ya ayala, ambayo Afrika haina mwenyeji wake wa asili ila yule wa misitu ya Algeria na Tunisia. Neno "ayala" limo katika Biblia ya Kiswahili na linafaa kwa jamii nzima. Kwa mnyama huyu mmoja tungechukua "wapiti", neno la Washawnee, wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, lenye maana ya mwenye makalio meupe. Waingereza wa Ulaya na Wamarekani wenyewe hawapatani hapa, kwani jina ambalo Wamarekani wamempa wapiti, Ulaya ni la mnyama mwingine, mkubwa zaidi, mwenye pembe pana kama makafi. Hatuna sababu ya kuurithi ugomvi huo. Neno "wapiti" limekuja likiwa na umbo la Kiswahili tayari, na hatari yake ni moja tu: mtu asije akadhani wa- ni kiambishi cha wingi akaunda "mpiti" mmoja. Silabi hiyo ni ya shina, kama ilivyo katika "waziri". Tuseme wapiti huyu, wapiti hawa.

Sasa tuje kwenye neno "alama", ambalo limemchosha mfasiri hata likamchosha na msomaji. Majimbo mengi hugawa vibali vya maeneo yanayopendwa kwa kura, na mwombaji aliyekosa mwaka huu huongezewa kitu kitakachomsogeza mbele mwaka ujao. Kitu hicho mfasiri amekiita "alama ya upendeleo". Yeyote aliyewahi kupanga foleni katika nchi zetu anajua upendeleo ni nini: ni mjomba kumpa mpwawe kazi. Hapa maana ni kinyume kabisa, kwani anayepewa ni yule aliyengoja. "Alama ya zamu" ingesema kweli. Kura yenyewe ameiita "bahati nasibu", na waumini wengi wanaoepuka kamari wataona haya kuiingia. "Mgao kwa kura" hauna doa hilo.

Lakini kurasa chache mbele tunasoma kwamba katika maeneo mengi ya Colorado dume anayeruhusiwa kupigwa ni yule mwenye "alama nne". Msomaji aliyekwisha kufundishwa kuwa alama hupatikana kwa kungoja atafanya nini na sentensi hiyo? Kinachosemwa ni matawi ya pembe: dume awe na ncha nne au zaidi katika pembe moja, au ncha ya kwanza iliyo juu ya paji iwe na urefu wa inchi 5, yaani kama sentimita 13. Hizo ni "ncha", nalo ni neno fupi lisilo na utata. Mtu anayelenga shabaha alfajiri, mkono ukitetemeka, hana nafasi ya kuuliza mfasiri alikusudia alama ipi.

Katika ufundi wa kuwinda tafsiri inalegea kwa njia nyingine: inaeleza kwa maneno kumi jambo ambalo lugha ina neno lake. Wapiti hujiokoa kwa pua. Kabla ya jua kupanda, hewa baridi huteremka mabondeni. Mteremko ukishapata joto, hewa hupanda. Mpango mzima wa siku hufuata mabadiliko hayo, na mwindaji hujitahidi daima mnyama awe upande unakotoka upepo, yeye akae upande unakoelekea. Mabaharia wetu wana maneno ya pande hizo mbili, goshini na demani, na wameyatumia tangu enzi za mitepe na majahazi. Kwa nini basi tuandike "sehemu ambayo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwako"? Mwindaji akae demani. Tunajua kwamba mtu wa bara hayajui maneno haya, na kwa hiyo yafafanuliwe mara moja mwanzoni. Baada ya hapo yataokoa nusu ukurasa. Kinyume chake, mlio wa dume wakati wa kupandana, mwezi Septemba, umeitwa "kupiga tarumbeta", kwa kufuata lugha ya asili neno kwa neno. Mlio huo huanza chini, hupanda ukawa mwembamba na mkali, kisha huishia kwa mikoromo. Hiyo ni mbinja, si tarumbeta. Anayengojea tarumbeta msituni ataisikia mbinja na kudhani kuna mtu.

Nyama imeharibiwa zaidi kuliko yote. Dume mzima wa milima ya Rocky huweza kufika kilo 320 akiwa hai, naye hutoa nyama isiyo na mfupa ipatayo kilo 90 au zaidi. Tafsiri inashauri akatwe "robo nne" kisha "afungashwe". Kwa mchinjaji wa mjini robo ni robo kilo. Na kufungasha ni kukusanya virago tayari kwa safari. Mchinjaji wetu yeyote angesema mapaja mawili na mikono miwili, pamoja na sarara, shingo na kidari. Na kinachoshauriwa baada ya hapo ni kubeba mgongoni hadi barabarani, jambo ambalo ndilo kiini cha mipango yote. Mwenye kubeba kilo 25 kwa mara moja atahitaji safari nne. Kama mnyama ameanguka kilometa 5 kutoka garini, atatembea kilometa 35, kwenda na kurudi, nyama ikingoja kivulini. Aliyeelewa "kufungasha" hatapiga hesabu hiyo kabla ya kufyatua risasi. Ataipiga baadaye, jua likiwa limekwisha kuwa kali, na kuiacha nyama iliwayo ikaoza huko ni kosa la kisheria.

Vilevile kuna soni isiyo na faida. Sheria ya Colorado yataka ushahidi wa kuwa mnyama ni dume au jike ubaki umeshikamana na nyama hadi ifikishwe mahali pa kuhifadhiwa. Mfasiri ameandika "ushahidi wa jinsia uzingatiwe". Uzingatiwe vipi? Ingeandikwa tu kwamba kiungo cha uzazi, au kiwele cha jike, kisikatwe kuondolewa katika nyama. Adabu ya lugha ni jambo jema, lakini askari katika kizuizi cha barabarani hatauliza juu ya adabu.

Haki ya mfasiri tusiinyime. Pale anapoeleza jinsi baridi inavyoingia mwilini hata mtu akaanza kusema maneno yasiyopangika na kuvua nguo zake mwenyewe, ameandika kwa lugha safi, bila kuunda istilahi ya kutisha, na ukurasa ule waweza kuokoa maisha. Lakini "ugonjwa wa kukonda", alilowapa wasomaji kuwa jina la ugonjwa wa ayala uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, litawakumbusha wengi ugonjwa mwingine kabisa, uliopewa jina la namna hiyo katika Uganda miaka ya 1980. "Udhoofu sugu wa ayala" ni jina lisilo na kivuli. Na misimu ya silaha: upinde sawa, bunduki sawa, ila ile inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni imeitwa "bunduki ya kupakilia mbele". Hiyo ni gobore. Wazee wa vijiji vyetu wamelijua gobore kabla ya baraza lolote la lugha kuundwa.

Limebaki neno moja ambalo hatujaafikiana juu yake. Pembe za wapiti si kama pembe za ng'ombe: ni mfupa mtupu, huota, huanguka kila mwaka mwishoni mwa baridi, na huota tena. Lugha yetu ina "pembe" tu kwa zote, na kwa meno ya ndovu pia. Wengine kati yetu wamependekeza "pembe-tawi", wengine "pembe za mwaka". Wasomaji wenye neno lililo bora, hasa wanaoishi huko zinakookotwa, watuandikie.