Nani Kaificha Besi? Tahakiki Fupi ya ...And Justice for All

Wahakiki wenzangu, tuna mazoea ya kusaka ishara kila mahali. Mtunzi akinyamaza, twasema kimya chake kina maana. Mimi mwenyewe niliingia katika mtego huo niliposimama mbele ya semina yetu nikadai kwamba kukosekana kwa besi katika albamu ya Metallica, ...And Justice for All (1988), ni suala la fani: eti muziki umeondolewa ardhi ili tuihisi dunia isiyo na haki. Mwenzangu mmoja akaniuliza swali moja tu: "Uliisikilizia wapi?" Nikajibu, kwenye simu. Darasa zima likaangua kicheko, na walikuwa na haki.

Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa mtupu, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Kispika cha simu hakina ubavu wa kuitoa sauti hiyo. Basi nikaazima spika za maana, nikasikiliza upya tangu mwanzo hadi mwisho. Besi haikuja.

Lawama ikahamia kwenye santuri. Hoja hii ina uzito wake. Sauti ya chini hukata mfereji mpana unaoyumba. Ikizidi, sindano huruka, na dakika zinazoenea upande mmoja hupungua. Kwa sababu hiyo mafundi wa kukata santuri walizoea kuipunguza. The Beatles walilalamika kuwa santuri za Wamarekani zina besi nzito kuliko zao, na mwaka 1966, katika "Paperback Writer", fundi wao Geoff Emerick alitumia spika kama maikrofoni ili kuinasa besi ya Paul McCartney. Kwa hiyo rekodi nyingi za roki za miaka ya 60 zina udhuru. Lakini Justice je? Ina dakika 65 hivi, nayo ilitolewa kwa santuri mbili, yaani kama dakika 16 kwa upande. Nafasi ilikuwepo. Tena ilitoka kwenye CD pia, ambako hakuna sindano ya kuruka. Udhuru huo haufai hapa.

Sasa kaificha nani? Turudi nyuma kidogo. Mpiga besi wa kundi, Cliff Burton, alifariki Septemba 1986 katika ajali ya basi huko Uswidi. Nafasi yake akaichukua Jason Newsted. Katika albamu hii Newsted alirekodi sehemu zake kando, bila wenzake. Mara nyingi alifuata noti zilezile za gitaa la rithimu la James Hetfield, na gitaa hilo lenyewe lilikuwa limejazwa sauti ya chini. Hapo besi ilikwisha kubanwa. Kisha Steve Thompson, aliyechanganya sauti pamoja na Michael Barbiero, amesimulia hadharani kwamba mpiga ngoma Lars Ulrich aliagiza besi ishushwe, na iliposhushwa akataka ishushwe tena. Naye mtayarishaji Flemming Rasmussen amesema kwamba besi ilipigwa vizuri na kwenye kanda imo. Hetfield kwa upande wake ametaja masikio yaliyochoshwa na ziara. Chagueni mtakayemwamini; nionavyo mimi, besi haikupotea. Iliteremshwa kwa mkono wa mtu.

Hebu tazameni majina ya watunzi. Wimbo wa kwanza, "Blackened", Newsted ni mmoja wa waliouandika; mkono wake katika wimbo huohuo husikii. "To Live Is to Die" unabeba jina la Burton. Marehemu kapewa kumbukumbu, aliye hai kanyimwa sauti, na kwenye jalada sanamu ya Haki imefungwa kamba! Kejeli hii hakuitunga yeyote, lakini imo.

Hapa ndipo kosa langu la semina linapoonekana. Rekodi haina mtunzi mmoja. Ina aliyepiga, aliyechanganya na aliyeamuru. Kimya cha mtu aliyechagua kunyamaza ni fani. Kimya cha mtu aliyenyamazishwa ni habari ya mamlaka. Mhakiki akivichanganya hivi viwili, anamvika aliyenyamazisha joho la usanii. Na hatari hiyo haiishii kwenye roki: kila tunapomsoma mhusika asiyesema, lazima tuulize nani kamziba mdomo.

Wapo watakaosema ukavu huo ndio utamu wa albamu: magitaa yanauma kama baridi. Sibishi, hata mimi naupenda. Albamu ilipotolewa upya mwaka 2018, mchanganyo wa sauti uliachwa kama ulivyokuwa, ingawa mashabiki walikwisha kujitengenezea matoleo yao yenye besi. Lakini mwaka 1991, chini ya mtayarishaji Bob Rock, besi ya Newsted huyohuyo ilisikika bila shida. Uwezo, basi, ulikuwepo.

Hoja yangu ya semina naifuta. Aliyeniuliza nilisikilizia wapi alinifundisha kuanza na sikio langu mwenyewe, kisha chombo, kisha watu. Ishara ije mwisho.